Jangwa la Chalbi, nguzo za Jarigole na swali la EXIF

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Sikuugua, wala sijaacha kazi ya kuandika programu. Mimi na mke wangu tuliwaacha watoto kwa nyanya yao hapa Kianjai, tukapakia gari letu kuukuu, tukaenda kaskazini mpaka Ziwa Turkana kupiga picha. Tulirudi siku ya nane tukiwa na picha 2,314 na vumbi katika kila tundu la laptopu.

Picha zipo na nitazionyesha kidogo kidogo. Lakini kwanza nataka niwaeleze jambo lililotufanya tubishane kutoka North Horr mpaka Laisamis, kwa sababu linamgusa kila mwenye simu mfukoni. Picha ikishapigwa, je, mahali ilipopigwa pawekwe wazi au pafichwe?

Nianze na safari yenyewe, ndipo swali litaeleweka.

Nyumbani kwetu mpiga picha ni yeye. Harusi na mahafali za Meru na Maua zinamjua. Mimi ni mtu wa faili: nanakili, napanga, nahifadhi. Mgawanyo huu wa kazi umedumu miaka mingi na haujawahi kutuletea ugomvi, mpaka safari hii.

Tulitoka alfajiri, tukapita Nchiru na Meru mjini, tukateremka mpaka Isiolo. Sisi wa Tigania tumekua tukiitazama nyika ya kaskazini kutoka juu, lakini kuiona kwa mbali ni jambo moja na kuingia ndani yake ni jingine. Kuanzia Isiolo ni lami tupu mpaka Marsabit: Archer's Post, mlima Ololokwe uliokaa kama meza, Merille, Laisamis, Logologo. Vijana wa leo hawawezi kuamini kwamba zamani barabara hii ilikuwa ya mawe na vumbi, na malori yakisafiri kwa msafara wenye askari kwa kuogopa majambazi. Sasa unaweza kunywa chai Kianjai na kula chakula cha mchana Marsabit.

Marsabit tulijaza tangi, tukajaza na mitungi miwili ya mafuta, maji lita 60, na tukahakikisha magurudumu mawili ya akiba yana upepo. Baada ya hapo lami tuliiaga. Tulishuka mlima kuelekea Maikona na Kalacha, na joto likapanda kadiri tulivyoshuka.

Chalbi ni jangwa lililokuwa ziwa. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi katika sehemu hii ya Afrika, pale palikuwa na maji. Maji yakaondoka, chumvi ikabaki. Ukisimama katikati unaona weupe mpaka upeo wa macho, na kwa mbali unaona maji ambayo hayapo. Ngamia wa Wagabra wanapita katikati ya maji hayo ya uongo bila kulowana.

Kwa wapiga picha: chumvi ile huidanganya kamera. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na picha inatoka ya kijivu. Mke wangu alikuwa akiongeza mwanga hatua moja, mara nyingine moja na nusu. Saa za kazi zilikuwa mbili tu, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, kisha kuanzia saa kumi na nusu jioni mpaka jua lizame. Katikati ya mchana jua liko utosini, hakuna kivuli, na mawe yote yanafanana. Muda huo tulilala chini ya mikoma ya Kalacha kama watu wengine wenye akili.

Sasa sehemu yangu. Kamera ya mke wangu haina GPS. Simu yangu ndiyo iliyorekodi njia yetu, nukta moja kila sekunde 10, katika faili la GPX. Kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, mke wangu alipiga picha ya saa ya simu. Kwa picha hiyo moja najua kamera iko mbele au nyuma kwa sekunde ngapi. Jioni skripti yangu fupi inasahihisha muda wa picha zote, inatafuta nukta iliyo karibu zaidi kwa muda, kisha inaandika latitudo na longitudo ndani ya kila picha.

Maelezo haya hukaa katika sehemu ya faili iitwayo EXIF, isiyoonekana ukiitazama picha. Humo mna tarehe, saa, aina ya kamera, lenzi, kasi ya shata na, ikiwa GPS ilikuwa wazi, mahali uliposimama. Simu nyingi huandika yote haya zenyewe ukiiruhusu kamera itumie mahali ulipo.

Kila usiku nilinakili picha kwenye diski mbili, moja ikikaa kwenye gari na nyingine kwenye mkoba wa mke wangu, na nikalinganisha alama za SHA-256 za kila faili ili nijue hakuna lililoharibika njiani. Akiba haiozi.

Ni Kalacha ndipo swali lilipozaliwa. Mzee mmoja wa Kigabra alikubali apigwe picha akiwa na ngamia wake. Baada ya kujiona kwenye kioo cha kamera alicheka, kisha akauliza kwa Kiborana, kijana aliyetuongoza akatafsiri: "Picha hii itakaa wapi?"

Mke wangu akamjibu kwamba atamletea ya karatasi, na nyingine itakaa kwetu. Mzee akauliza tena: "Na watakaoitazama ni akina nani?"

Hapo mke wangu alinitazama mimi, maana mambo ya nani anatazama nini ni idara yangu. Nikasema, mzee, yeyote tutakayemruhusu. Akaitikia kwa kichwa. Jibu lilimridhisha yeye. Mimi niliendelea kulitafuna njia nzima.

Kutoka North Horr tuliingia Hifadhi ya Sibiloi, iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1997. Huku ndiko Koobi Fora, ambako mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya wa kikosi cha Richard Leakey, aliona vipande vya fuvu lililokuja kujulikana duniani kote kwa namba yake tu, 1470. Lakini sisi hatukufuata mafuvu. Tulifuata nguzo.

Jarigole iko karibu na Alia Bay. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alituambia tuache viatu vyetu nje ya mawe, maana yake tusikanyage ndani. Ni kilima kidogo kilichojengwa na watu, na juu yake nguzo za mawe meusi ya volkeno, nyingine zimesimama, nyingine zimeinama, nyingine zimelala. Nguzo hizo hazikuchongwa. Mawe ya basalti hupasuka yenyewe kwa umbo hilo, lakini mtu ndiye aliyeyabeba mpaka pale na kuyasimamisha. Wataalamu wanasema ilikuwa kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita, wakati wafugaji wa kwanza walipofika kando ya ziwa hili na maji yakiwa yanapungua.

Ni makaburi. Katika ukingo wa pili wa ziwa, upande wa Turkana, kuna mahali pa aina hiyo hiyo paitwapo Lothagam Kaskazini. Kikosi cha Elisabeth Hildebrand kilichapisha matokeo ya uchimbaji wake mwaka 2018, kikakadiria kwamba watu wasiopungua 580 wamezikwa pale: wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na pambo lake, shanga za mawe ya rangi au meno ya panya wa jangwani. Hakuna aliyeonekana kuwa mkubwa kuliko mwenzake. Nilipomsomea mke wangu maneno hayo, aliweka kamera chini kidogo. Halafu akaendelea kupiga, safari hii polepole.

Jua lilipoanza kulala, kila nguzo ilitoa kivuli kirefu, na mawe madogo ambayo mchana hayakuonekana yakajitokeza. Upepo wa Turkana hauna adabu, kwa hiyo niliuning'iniza mtungi wa maji kwenye stendi ya kamera ili isianguke. Tulipiga picha 188 pale. Usiku nikaendesha skripti, na kila picha ikapata namba zake mbili zenye desimali sita.

Nikaziangalia zile namba, nikamkumbuka mzee wa Kalacha.

Hebu tufanye hesabu. Karibu na ikweta, nyuzi moja ni kama kilomita 111. Ukiandika desimali moja, umetaja eneo la kilomita 11 hivi. Desimali mbili, kilomita 1.1. Desimali tatu, mita 111. Desimali tano, mita moja na kidogo. Sita ni kama urefu wa kidole. Kwa namba hizo mtu aliye mbali sana, asiyejua neno moja la Kiborana wala Kidaasanach, anaweza kuja usiku na kuweka mguu juu ya jiwe lile lile.

Jarigole yenyewe haina siri. Jina lake limo katika maandishi ya wataalamu kwa miongo kadhaa, na iko ndani ya hifadhi yenye askari. Lakini kaskazini kumejaa marundo ya mawe ya makaburi ya zamani ambayo hayana askari, hayana kibao, hayana hata jina kwenye ramani. Tulipiga picha nyingi za hayo pia. Gede kule Kilifi ina ua, lango na mkata tiketi. Ni mnara wa kihistoria tangu mwaka 1927, na mwaka 2024 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Rundo la mawe karibu na njia ya ngamia linalindwa na upepo peke yake. Linalindwa pia na kutojulikana.

Asubuhi, tukiwa barabarani kuelekea Loiyangalani, nikamwambia mke wangu nitafuta mahali katika picha zote kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Nilidhani ataniunga mkono.

"Baba watoto," akasema, "ukipaficha, nani atakuja kulala Loiyangalani? Nani atanunua shanga za wale akina mama? Watu wa huku wanalala njaa kwa sababu hakuna anayejua wana nini, na wewe unataka kuwafunika zaidi."

Nikamwambia wezi nao husoma ramani.

Akanyamaza kilomita kadhaa. Kisha akanipa kisa ambacho nilikuwa nakijua lakini sijawahi kukiangalia kwa upande wake. Mwaka 1985, katika nchi ya Wamijikenda, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili, nguzo za mbao zilizosimamishwa kwa ajili ya ndugu zake waliokufa. Aliporudi baadaye kumpelekea picha yake, mzee alimwambia vigango vimeibwa. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa Afrika huko Marekani, Linda Giles alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa kwenye makumbusho ya chuo kikuu, na Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya chuo kingine. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa kwa familia. Mzee mwenyewe hakuishi kuviona.

"Sasa niambie," mke wangu akasema, "kama yule mama angefuta jina, mwaka na mahali, angethibitisha vipi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Picha ile ilikuwa ushahidi kwa sababu ilijulikana ni ya nani, ya lini na ya wapi. Bila hayo ingekuwa picha ya mzee na vijiti viwili.

Na kuna sababu nyingine ya kuandika mahali. Ziwa lenyewe halikai. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya mabwawa ya Ethiopia kwenye Mto Omo. Hofu ilikuwa kwamba ziwa litashuka. Kisha mvua kubwa zikaja, na kuanzia mwaka 2020 hivi maji yakapanda, yakaingia katika makazi ya Waelmolo. Loiyangalani tulionyeshwa mahali palipokuwa pakavu zamani na sasa samaki wanapita juu yake. Mahali pa namna hii, picha isiyosema ilipigwa wapi na lini haitamsaidia mtu kujua nini kimepotea.

Kwa hiyo tukawa na sababu mbili nzuri zinazovutana. Tulilala Loiyangalani, tukatazama Makumbusho ya Jangwa yaliyofunguliwa mwaka 2008, na kesho yake tukashika barabara ya Laisamis inayopita katikati ya mitambo ya upepo. Minara 365, megawati 310, na umeme wake uliingia kwenye gridi ya taifa mwaka 2018. Pale kwenye minara ndipo tulipopata pancha ya kwanza, na nikiwa chini ya gari na jeki ndipo mke wangu aliposema kitu kilichomaliza ubishi.

"Hapa sisi tunabishana juu ya vitu viwili kama kimoja," akasema. "Kuhifadhi ni kitu kimoja. Kutangaza ni kingine."

Mtu wa programu angepaswa kuaibika kuambiwa hivyo na mpiga picha wa harusi, lakini mimi nilicheka tu. Ni kanuni ile ile ninayoitumia kazini kila siku. Hifadhidata inahifadhi kila kitu. Ukurasa unaonyesha kinachomhusu anayetazama. Na sisi Wameru tunaijua bila kompyuta. Jengo la Njuri Ncheke pale Nchiru kila mtu analiona, na lipo kwenye ramani. Yanayosemwa ndani hayapo kwenye ramani yoyote. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Tulipofika nyumbani tuliandika utaratibu wetu, na huu ndio ninaowapa:

1. Faili za asili haziguswi. Zinabaki na saa, kamera na mahali, desimali zote sita, katika diski tatu. Moja kati ya hizo haikai nyumbani kwetu.

2. Picha za makaburi na mawe ya kale yasiyo na mlinzi zinatolewa nakala, na nakala hiyo ndiyo inayotoka nje. Mahali pake panafutwa kabisa. Kwa picha za mandhari tunabakisha desimali moja. Hatukubuni wazo hili: tovuti ya iNaturalist huficha mahali pa viumbe walio hatarini kwa kupaweka popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, karibu kilomita 22 kila upande.

3. Nyumba za wageni, hoteli, maduka ya shanga, kituo cha mafuta, Makumbusho ya Jangwa: hivyo vyote tunaviweka na namba kamili. Hapo mke wangu alishinda na nimefurahi ameshinda. Mgeni na afike anapotakiwa.

4. Orodha kamili ya marundo ya mawe tuliyoyaona, pamoja na picha na namba, tumeipeleka kwa Makumbusho ya Kitaifa. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inalinda vitu vya kale, lakini sheria haiwezi kulinda kisichoandikwa mahali popote.

5. Kila aliyepigwa picha anapata yake ya karatasi. Tumechapisha 46 na tumezituma Marsabit kwa basi, na kijana wetu wa Kalacha atazifikisha. Ya mzee na ngamia wake iko juu kabisa, na nyuma yake mke wangu ameandika tarehe na mahali.

Mambo matatu madogo ya kiufundi kabla sijawaacha. Kwanza, programu ya ExifTool ni ya bure na inafuta GPS ya folda nzima kwa amri moja. Fanya hivyo kwenye nakala tu. Pili, WhatsApp huondoa EXIF ukituma picha kama picha, lakini ukiituma kama hati, kila kitu kinakwenda nayo. Tatu, na hili halina programu: mlima ulio nyuma ya nguzo nao unasema ulipo. Mwenyeji yeyote akiona umbo la mlima anajua umesimama wapi, na hata mgeni anaweza kulinganisha na picha za setilaiti. Picha nyingine inafichwa kwa kuigeuza kamera upande, wakati bado uko pale.

Basi mnaopanga kwenda kaskazini likizo ya Desemba, rekebisheni saa ya kamera, washeni GPS, na msiizime mpaka mrudi. Huko jangwani rekodini kila kitu. Kufuta ni kazi ya nyumbani, kwenye nakala, baada ya kujiuliza watakaoitazama ni akina nani.